Ngazi ya Nyuma

Mahakama ya Kaunti ya Pellam, Texas,
ilijengwa kwa mawe mekundu yaliyoletwa kwa reli
na deni lililokuja kumalizwa na wajukuu.
Mji wa jirani nao uliitaka;
usiku mmoja watu wa Pellam wakaenda na mikokoteni,
wakaiba vitabu vya hati, muhuri
na jiko la chuma likiwa bado na moto.
Ndivyo nyumba ya sheria ilivyoanza.

Kadlec, mchonga mawe kutoka Bohemia,
hakulipwa miezi mitatu.
Akamchonga mwenyekiti wa kaunti juu ya mlango wa mashariki,
mashavu yamevimba, ulimi nje.
Njiwa wanaendeleza kazi hiyo mpaka leo.

Mimi nimeletwa kukarabati plasta.
Nguzo za ukumbini ni chuma kilichopakwa rangi ya marumaru:
zigonge, zinalia kama sufuria.
Saa ya mnara ina nyuso nne,
na hakuna mbili zinazosema jambo moja,
mashahidi watupu.

Mwezi wa tatu, nyundo yangu ikapiga mahali patupu.
Kwenye ramani pameandikwa: kabati la mafagio.
Nikabomoa. Ngazi.
Nyembamba, ya mbao za msonobari, haina pa kushika,
inapanda gizani hadi roshani ya juu kabisa
ambako jaji anaonekana mdogo kama kifungo.

Verlene Mabry, karani wa hati, akaja na tochi.
"Bibi yangu alipita hapa, thelathini na moja,
kesi ya kaka yake. Mlango wa mbele haukuwa wetu.
Alisema vidato ni ishirini na tisa."
Tukahesabu. Ishirini na nane.
Tukarudia, kwa sauti. Ishirini na nane.
Hakusema kitu. Akapiga magoti,
akaanza kukwangua zege la sakafu kwa ufunguo wa ofisi.
Nikamletea patasi.
Cha ishirini na tisa kilikuwa humo, kimezikwa,
kimebonyea katikati kama kijiko.
Akavua kiatu.

Husemwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.
Nimeshika misumeno miaka arobaini;
mingi hukata upande unaosukumwa.

Kamati inauliza ukuta utazibwa lini.
Nimewajibu plasta haijafika.
Imefika. Mifuko kumi na sita, chini ya turubai,
mlango wa mashariki,
chini ya ule ulimi.