Dakika Themanini na Tatu

Saa tisa usiku, Añelo. Upepo unachuna bati.
Sakafuni mwa mnara Quilaqueo na wenzake wanaunga bomba lingine:
mnyororo, koleo, toa mkono!
kisha meza inazunguka tena,
na kekee, kilomita tatu chini, inatafuna.

Kazi yangu mimi ni kungoja.
Tope hushuka ndani ya bomba, hupanda kwa nje
limebeba makombo ya mwamba,
na kupanda huko ni dakika themanini na tatu.
Ninachokiokota kwenye chekeche sasa
kiling'atwa kabla sijanywa mate
(hapa mate ni chai, usicheke).

Naosha. Nainamia hadubini.
Jiwe jeusi, jeusi, jeusi,
halafu kipande cha kombe, kama ukucha wa kichanga.
Kalamu ya gesi inaruka kwenye karatasi.
Nasaini: kina kile, si hiki.

Simu hushika mtandao kule kilimani tu.
Ailén ameandika: Baba ameamka, ameomba mkate.
Nasoma mara mbili, nacheka peke yangu gizani,
kisha natazama tarehe.
Jana.
Natoa hesabu, kama nilivyozoea.
Sasa hivi yuko kina gani?