Maoni ya Bogumiła, Mfumaji Mstaafu wa Łódź

Zenoni, nipe sikio, theluji imenishika,
nimekuja mbio mbio, tramu mbili nimeshuka;
nina sifa na kilio, vyote nitavitamka:
kwanza kasha la kioo, mjukuu kalitaka.

Taa za rangi za nini? Tumboni kuna harusi?
Huwaka usiku ndani, kuzizima si rahisi;
paka wangu, masikini, huwinda nuru kwa kasi.
Kioo nacho, jamani, kidole chakinajisi.

Ila feni nazisifu, zapumua taratibu:
sikio langu dhaifu, mitambo yaliharibu
nikifuma nyuzi elfu, kiwanda chenye ghadhabu;
leo ukimya nadhifu waketi kwangu karibu.

Kumbukumbu za vijiti, waziuza kwa fahari;
zangu za bure, si noti, nazo zavuja tayari.
Zloti mia tano, eti! Nilisali alfajiri,
nikavibana kwa dhati, vikalia tak, vizuri.

Nyaya ulizoniuza, fupi kuliko subira;
skrubu umepunguza, ya cherehani ni bora;
kwa uzi nikazikaza, fundo lisilo papara.
Swichi nilipobonyeza, moyo ukapiga mara

mbili, giza; ikawaka! Sikumwita hata mtu;
nilikaa nikacheka, paka na mimi, basi tu.
Sasa kibodi nataka, ile ya kelele zetu,
tiki-taka, tiki-taka, kama mitambo ya kwetu.

Kasha sitalirejesha, Korneli alichagua;
picha nikamuonesha, akasema, “Unajua!”
Nyaya tu nabadilisha, risiti hii, chukua.
Taa hizo za kukesha, paka amezinunua.