Mizani ya Santa Rufina

Msinidai mizani kwenye utungo huu.
Mizani ninayoijua ni moja, ya chuma,
imelala langoni mwa kiwanda cha sukari
huku kwetu Santa Rufina, mkoa wa Tucumán,
na hiyo ilikuwa mwizi.

Kiwanda kilikufa mimi nikiota meno ya pili.
Dohani ilibaki, ndefu, haina moshi,
njiwa wakaigeuza mtaa wao.
Wanaume wakapanda mabasi ya Buenos Aires
kwenda kujenga ghorofa za watu wasiowajua.
Waliobaki wakabaki na harufu:
hata leo mvua ikinyesha
kuta hutoa jasho la molasi
na nyuki huja wakidhani kuna harusi.

Kisha sheria ikapita. Saa tisa usiku,
redio dirishani kwa Abundio mwenye duka,
kura zikihesabiwa moja moja kama vidonge vya mgonjwa.
Chuo kikuu cha umma. Bila karo.
Mtu akauliza gizani, "Cha umma, yaani cha nani?"
Hakujibiwa. Abundio alikuwa anafungua chupa
aliyoiweka akiba kwa mazishi yake mwenyewe.

Chuo kilifika kabla ya viti.
Kila mmoja akabeba cha kwao,
begani, kichwani, nyuma ya baiskeli.
Nélida Tolaba, muuza empanada, miaka hamsini na miwili,
akaja na kigoda cha kukamulia mbuzi.
Mkuu wa chuo, Daktari Iramain, alileta utepe
akasahau mkasi;
akaukata kwa panga la miwa la kuazima.
Hotuba yake siikumbuki.
Ilikuwa ndefu, na ilianzia Ugiriki.

Somo la kwanza ninalikumbuka.
Profesa Ileana Brizuela, wa fizikia,
hakuingia darasani.
Alitupeleka duka la dawa,
tukapimwa mmoja mmoja, viatu nje, aibu ndani,
kisha akatupandisha sote arobaini na mmoja
juu ya ile mizani ya langoni
iliyokuwa ikipima mikokoteni ya baba zetu.
Tukabanana kama mzigo.
Mshale ukatetemeka, ukasita.

Duka la dawa: kilo elfu mbili, mia saba na sita.
Kiwanda: elfu mbili, mia nne na tisini.

Nane kwa kila mia.

Karani alikuwa akiwaambia: miwa hukauka njiani.
Nao waliitikia, kofia mkononi,
wakaenda zao.

Nélida ndiye aliyekwenda ubaoni.
Hakuwa ameshika chaki tangu darasa la tano.
Baba yake, Crescencio,
alikata miwa misimu thelathini na mmoja.
Akazidisha. Akakosea, akafuta kwa kiganja,
akazidisha tena.
Misimu miwili na nusu, kasoro kidogo,
mzee alikata bure.

Akarudi kwenye kigoda chake, kiganja cheupe,
akauliza kama hesabu hiyo itakuja kwenye mtihani.

"Mizani haizaliwi ikisema uongo," akasema Profesa,
"kuna aliyeifundisha."
Akafungua daftari, akaanza kuita majina.
Nilipoitwa nilichelewa kuitikia;
nilikuwa bado namhesabia babu yangu.

Hakuna atakayelipa. Kampuni imebadili jina mara tatu,
na wenyewe wamelala chini ya marumaru.

Jioni ile mfagiaji alifuta ubao wote
akaiacha nambari pembeni, peke yake.
Kesho yake mwalimu wa kemia akaandika akiizunguka,
kama mtu anayepita kando ya aliyelala.