Vifungo vya Tewksbury

Mimi sikuona hata mchezo mmoja.
Siku ya besiboli kwangu ni siku ya jiko:
wanaume tisa, viazi ndoo mbili,
na soksi zao za kahawia kutoka kiwanda cha Bwana Lyle,
rangi rahisi, iliyochuja hadi kwenye beseni,
hadi kwenye shuka, hadi kwenye nyayo zao.
Mwaka ule wa sabini na tisa
Wexley nzima iliwatambua kwa miguu.

Mei walikuwa na warushaji wawili.
Julai, Dunphy akafunga sanduku usiku
akafuata dola ishirini zaidi huko mashariki,
hakuaga, hakulipa chumba.
Akabaki Amos Tewksbury,
mtoto wa fundi viatu, mwembamba kama ufito,
aliyeshukuru hata ukimsogezea chumvi.

Bwana Lyle alikuja mwenyewe mezani kwangu.
"Utarusha Jumanne. Na Alhamisi. Na Jumamosi."
Amos akaitazama supu.
"Na mshahara wa Dunphy?"
Kijiko cha mtu kiligonga sahani.
"Utaupata," akasema Bwana Lyle, "bendera ikipanda."

Kidole kimoja hakivunji chawa, wanasema.
Sisi tulikuwa na mkono mmoja
ukavunja miji saba.
Harlan Falls ukaivunja mvua ikinyesha,
Dunmore ukaivunja mara tatu kwa wiki moja,
na mpira wenyewe ni uleule mchezo mzima,
unaingia mweupe, unatoka mweusi
kwa tope na mate ya tumbaku,
umelegea kama embe lililosahauliwa kapuni.
Geary aliudaka kwa viganja vitupu.
Jioni alivitumbukiza vidole vyake, vimepinda kama tangawizi,
kwenye ndoo yangu ya maji ya chumvi
pamoja na matango.
Matango yale niliyauza. Hakuna aliyelalamika.

Agosti mkono ukaanza kugoma.
Nikausugua kwa dawa ya farasi,
nyumba nzima ikanuka zizi.
Asubuhi moja alisimama mlangoni, shati wazi,
uso ameugeuzia ukuta.
"Mama Brandau. Vifungo."
Nikafunga vifungo sita. Sikuuliza.
Septemba nikawa namchana na nywele.
Na alasiri, mkono uleule
usioweza kuinua kitana
ulikuwa kilimani ukirusha.

Sikuona, lakini nilisikia.
Kelele moja, punje moja ya dengu kikombeni.
Kimya, hiyo ni ya wageni.
Jumamosi ya mwisho kulikuwa na kimya
kirefu hadi viazi vikaungua.
Halafu kengele ya kiwanda,
ambayo Jumamosi jioni hailii.

Bendera ilishonwa sebuleni kwangu
na wasichana wanne wa kiwandani, bila malipo.
Siku ya kuipandisha nilifunga jiko, nikaenda.
Wakampa Amos kamba.
Akaivuta kwa kushoto,
na kila alipobadili mshiko
aliing'ata kamba kwa meno.
Watu elfu mbili wakacheka.
Walidhani bingwa anawachekesha.
Geary hakucheka.

Mshahara wa Dunphy ulikuja nusu,
na jozi kumi na mbili za soksi.
Majira yaliyofuata mkono haukuamka.
Mwaka wa tatu timu nayo ikafa,
uwanja wakapanda kabichi,
bendera sijui nani aliichukua;
niliwahi kuona aproni ya rangi ile sokoni,
nikajiambia rangi hufanana.

Siku hizi Amos anauza tiketi stesheni,
chenji anatoa kwa kushoto.
Jumapili anakuja kula supu.
Hasimulii, na mimi sihoji.
Vifungo vya chini anafunga mwenyewe,
polepole, kama mtu anayehesabu.
Cha shingoni bado ananiachia.