Kahawa Inapoinama

Baada ya stesheni ya tatu, hesabu hadi arobaini,
kisha itazame kahawa kikombeni:
itainama kidogo, upande wa dirisha.

Abiria hawaoni. Wanamenya mayai,
wanazozana juu ya pazia.
Handaki lililotula miaka minne
wao hulipita kabla ya kumaliza yai.

Tulichimba kutoka pande mbili,
mimi kusini, Obrad kaskazini,
timazi, darubini ya kupimia, penseli sikioni,
na theluji ya Montenegro ikizuia barua hadi Aprili.
Tuliagana kukutana gizani
tusipishane hata upana wa kidole.

Wiki ile baruti ilichelewa.
Vukota akarudi kuangalia utambi.
Kofia tuliipata.
Kesho yake nikapima.

Tundu lilipofunguka, Obrad akapenyeza mkono;
nikanyoosha wangu, nikagusa jiwe.
Wake ulikuwa shubiri nzima kushoto.
Hakusema neno. Akanipa sigara.
Tukaipinda reli.

Kwenye ripoti niliandika: mwamba laini.
Mwamba ulikuwa chuma.
Mkono ndio uliokuwa laini.

Baada ya pale nimejenga madaraja kumi na moja,
yote yamenyooka, yote yana namba,
namba zenyewe sizikumbuki.
Kiinua mgongo changu nakipandia treni hii,
nusu nauli, kila Alhamisi.
Naagiza kahawa, siinywi.

Leo mtoto wa kiti cha mbele kaona:
"Babu, kahawa yako inaanguka!"

Haianguki, mjukuu.
Inampisha mtu.