Sanduku la Tisa

Oulu, mwezi wa pili. Nje nyuzi ishirini chini ya sifuri,
na humu ghalani, chini ya maktaba, hita imekufa.
Sisi saba tumezunguka meza na makoti yetu,
tunagombea neno.

Kazi yangu ni lebo. Nina gundi, mkasi,
kalamu yenye wino usiofutika.
Masanduku manane nimeyamaliza kabla ya kahawa ya saa kumi:
barua, risiti za ukumbi wa dansi, hati za mashtaka
za enzi zile busu lilipokuwa kesi.
La tisa limekwama.

Mna picha moja ndani yake, ndiyo inayoleta vita:
wanawake wawili ukingoni mwa ziwa,
kama mwaka wa hamsini na saba,
nywele zimelowa, taulo moja kwa mabega manne.

"Wasagaji," asema Raili. "Andika hivyo. Neno hili
nilitupiwa kama jiwe nikiwa na miaka kumi na tisa.
Nikaliokota, nikalijengea nyumba.
Leo mnanihamisha?"

Iiris, miaka ishirini na miwili, pete puani,
asema nyumba hiyo milango yake ni myembamba.
"Huyu wa kulia aliolewa baadaye, akazaa watatu.
Huenda alipenda kotekote. Huenda, kichwani mwake,
hakujiita hata mwanamke. Tumwachie nafasi."

"Nafasi!" Raili agonga kikombe.
"Kila nikigeuka mmeongeza herufi.
Mwishowe itatimia alfabeti nzima, na mimi simo."

Tuomo ashauri tuandike *marafiki*.
Wote wawili wanamgeukia.
Hiyo ndiyo lebo wapwa zetu wanayotubandika makaburini.

Mimi nakata karatasi. Sisemi.
Miaka tisa nililala na mume, nikampenda, simkani.
Kisha akaja Venla, na miguu yake ya barafu chini ya blanketi.
Venla alitaka niseme mimi ni nini.
Si mbele ya watu. Jikoni tu, mbele yake na birika.
Nikasema: mimi ni wako.
Alikuwa mwalimu wa sarufi. Akasema hicho ni kimilikishi,
yeye ameuliza nomino.
Aliondoka na birika.

Hata hapa chamani wapo wanaoniita abiria,
ati nimepandia njiani, nitashukia njiani.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake;
mimi nimelalia viwili,
na kunguni wote nawajua kwa majina.

Lugha yetu ni karimu mahali pamoja tu:
ina *yeye* mmoja kwa watu wote.
Haimuulizi mtu ana nini chini ya koti.
Ningependa kuhamia humo, ndani ya *yeye*, nifunge mlango,
lakini mtafiti wa kesho atalitafutaje sanduku
lililoandikwa kiwakilishi?

Raili ana haki. Kisicho na jina huenda na takataka,
nimekiona kikienda.
Iiris naye, sijui. Nikimtazama namwona mtu
anayevua kiatu kinachombana,
na ukoo mzima unamfokea kwamba ni kiatu cha bibi.

Saa mbili usiku gundi imeganda.
Lebo ya Raili imeanguka sakafuni. Ya Iiris imejikunja
kama jani la kabichi.
Naigeuza picha, natafuta pa kuishika
nisiache alama ya kidole,
na nyuma, kwa penseli iliyofifia, kuna mwandiko:

*Mimi na Lempi. Maji yalikuwa baridi.*

Basi, hakuna zaidi.
Lempi, kwa maneno ya zamani, ni mapenzi,
lakini pia lilikuwa jina la shangazi wa kila mtu.

Nachukua kalamu isiyofutika. Naandika:
TISA. MAJI YALIKUWA BARIDI.

Raili asema hiyo si lebo.
Iiris, kwa mara ya kwanza jioni hii,
anakubaliana naye.