Volti za Saa Saba ya Usiku

Prosesa ilifika Jumanne kutoka Kigali
ndani ya soksi ya mtoto, ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Dereva akauliza: "Nsimire, hiki kibiskuti
ndicho kilichokula dola zako mia tatu na arobaini?"
Nikamlipa na za kukibeba.

Kizazi kipya. Maana yake: nilivyo navyo vyote ni vya kale.
Vijiti vyangu vinne vya kumbukumbu,
nilivyonunua kimoja kimoja, kila harusi kijiti chake,
havikai tena. Pengo la chini limesogezwa
upana wa punje ya mtama, si zaidi,
na aliyelisogeza huko kiwandani
hajui kwamba nilijaribu kusukuma kwa dole gumba,
taratibu, kama mtu asiyetaka kuamini barua.

Zihindula wa Kadutu akanitandikia mezani:
"Hivi viwili vina haraka, ila ni vidogo.
Hivi ni vikubwa, mwendo wa kondoo.
Ukitaka vinne, weka, lakini vikibanana
vyote hupunguza mwendo. Umewahi kuona
watu wanne wakipandisha kabati ngazi za hapa?"
Nimewahi. Nilikuwa wa tatu.

Nikachukua vikubwa viwili.
Harusi ya kina Ntakwinja ina kamera tano,
saa kumi na moja za picha,
ng'ombe wakiingia uani mara tano, kila pembe upande wake.
Haraka ningeitafuta mwenyewe, baadaye,
kwenye ule ukurasa wa namba tupu
ambako mashine hukuuliza: nikimbie kiasi gani,
na utanipa nini?

Hapo nikacheka peke yangu.
Inaomba volti.
Sehemu tano za mia ya volti, ndogo kuliko kikohozi,
na mimi niko Panzi, saa moja jioni,
majirani wote wameinjika maharage kwenye koili,
mshale wa stabilizateri unasoma mia na hamsini na nane,
taa imekuwa chai ya rangi.
Ruzizi inageuza mapanga kule bondeni,
umeme unapanda kilima kwa mguu
na ukifika kwangu unataka kiti.
Volti za kuongeza! Nizitoe kwa nani?

Nikangoja. Saa saba ya usiku koili zimelala,
mshale ukapanda: mia na tisini, mia mbili na tano,
mia mbili kumi na nane.
Nikawasha.

Kioo cheusi.
Dakika moja. Feni inazunguka, kioo cheusi.
Zihindula alinionya: kumbukumbu mpya, mara ya kwanza,
hujifunza; hupimana na prosesa, hubishana kimya,
usiiguse hata ukidhani imekufa.
Dakika ya tatu nilikuwa nimeshika kitambaa cha meza.
Ya nne, mbwa wa kina Byamungu akabweka, nikamchukia.
Kisha herufi nyeupe, pembeni kushoto,
kana kwamba hakuna aliyekuwa akingoja.

Nikapandisha megahezi mia, mia nyingine,
nyuzi joto themanini na moja, themanini na tisa,
baridi ya ziwa ikinisaidia bure dirishani,
hadi harusi ikaganda: bibi harusi mdomo wazi,
ng'ombe mmoja mguu hewani,
halafu kioo kizima buluu.
Nikarudi hatua mbili. Nikarudi ya tatu.
Na kwa ukaidi tu, nikapunguza volti
badala ya kuongeza. Kidogo. Tena kidogo.
Mashine, niseme ukweli, haikulalamika.
Ikapoa, ikakimbia kuliko ilipokuwa inawaka.

Lakini asiniletee mtu hubiri hapa.
Mtaa wangu unajua volti pungufu ni nini,
na maharage mabichi hayajamfundisha mtu kitu.

Saa kumi na moja alfajiri, asilimia tisini na mbili.
Jirani wa kwanza akainjika maji ya chai.
Mshale ukatikisika.
Niliutazama kama unavyomtazama mtoto wa watu
aliyepanda juu ya ukuta:
bila kupumua, bila kumwita jina.